Wachezaji Wanakuja, Hadithi Haiwashiki: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kampeni Ndefu Mezani

Kampeni inayozungumziwa hapa si ya udiwani. Ni ile ya mchezo wa uhusika: watu wanne au watano wamezunguka meza, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, isipokuwa msimulizi, anayeeleza yanayotokea na kuwasemea watu wengine wote wa hadithi, na hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao kwa miezi sita, mwaka, hata zaidi.

Kinachowashinda wasimulizi wengi ni kilekile. Kikao cha kwanza moto kwelikweli. Cha tatu bado watu wanacheka. Kufika cha tano msimulizi anauliza, "Haya, mnafanya nini?" anajibiwa, "Wewe tuambie twende wapi." Mmoja yuko kwenye simu. Mwingine kasahau jina la chifu waliyemwokoa juzi. Msimulizi anarudi nyumbani na uchungu wake, anaandika kurasa kumi nyingine za historia ya ufalme, na kikao cha sita wanakuja wawili.

Kurasa hizo kumi ndizo zinazomaliza kampeni. Ufalme ni wa msimulizi, vita ni vya msimulizi, chifu ni wa msimulizi. Wachezaji ni wageni waalikwa, na mgeni hata umkaribishe vipi, ataaga. Njia ya mwongozo huu ni moja: mpe kila mchezaji kitu chake ndani ya hadithi, kitu kidogo chenye jina na mlango, kisha kitie hatarini. Mifano ni ya meza ya Kigoma. Mtu wa Tabora atoe dagaa aweke asali, mambo yatakwenda vilevile.

## Vinavyohitajika

Wachezaji 4. Watatu wanatosha. Wakizidi 5 zamu zinachelewa, na anayekaa dakika ishirini bila kusema ndiye wa kwanza kutoa simu.

Kaunta buku moja ya msimulizi. Usiandike kumbukumbu kwenye simu. Ukiishika wewe, umewaruhusu wote.

Karatasi 1 ya manila. Ikunje katikati mara tano, kata kwenye mikunjo, utapata kadi 32 za ukubwa wa kiganja. Kumi na mbili ni za wachezaji, zilizobaki ni zako.

Penseli. Wino haufai kwa kadi, kwa sababu kilichoandikwa kitabadilika.

Kanuni. Kanuni za msingi za mchezo wa uhusika uitwao Dungeons & Dragons, zinazoitwa SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwaka 2023. Zinapakuliwa bure, na mnaruhusiwa hata kuzitafsiri kwa Kiswahili mradi mtaje chanzo. Mbinu za hapa hazifungwi na kanuni hizo. Zinafanya kazi kwenye mchezo wowote wa aina hii.

Dadu ya pande 20. Dukani huenda usiipate. Chukua vizibo 20 vya soda, viandike 1 hadi 20 kwa maka peni, viweke kwenye mfuko wa kitambaa. Mchezaji anachomoa kimoja, anasoma, *anakirudisha*, mfuko unatikiswa. Kisiporudishwa, hesabu yote inaharibika, kwa kuwa namba kubwa zikishatoka hazipo tena. Wenye karata watumie moja (yaani ree) hadi kumi za kopa kuwa 1 hadi 10, na za shupaza kuwa 11 hadi 20.

Kama kilichopo ni dadu za ludo tu, rusheni mbili mjumlishe. Kumi na kuendelea, umefaulu. Saba hadi 9, umefaulu lakini kwa gharama. Sita na kushuka, mambo yameharibika. Katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, 6 inaleta ushindi kamili, 15 inaleta ushindi wa gharama, na 15 inaleta hasara. Kwa hadithi ndefu huu ni mfumo mzuri kuliko watu wanavyoudhani, maana ile "gharama" ndiyo inayozaa kikao kijacho.

Taa ya kuchaji. Hii haihitaji maelezo.

## Hatua ya 1: Panga kalenda kabla ya hadithi

Kila wiki mbili, siku ileile, kwa muda wa saa tatu. Kila wiki inachosha. Mara moja kwa mwezi watu wanasahau hata majina ya wahusika wao wenyewe.

Kama mezani yupo mtu wa dagaa, wa Kibirizi au Katonga, fuata mwezi wa angani. Mitumbwi ya taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu ziwa lote likiwa na mwanga, taa haina la kuwavutia dagaa. Hizo ndizo siku zake za kukaa. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, hivyo weka kikao kimoja wikiendi ya mbalamwezi. Cha pili kikiangukia siku zake za kazi, mhusika wake awe na sababu ya kutokuwepo (tutafika huko).

Mambo mengine mawili ya hapa kwetu. Ramadhani, meza nyingi za Ujiji itabidi zisimame au zihamie baada ya tarawehe; panga sehemu kubwa ya hadithi iishe kabla ya mfungo, usiwaache katikati ya pigano kwa mwezi mzima. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, chumba cha bati kisicho na dari hakifai: mvua ikishuka, msimulizi anageuka bubu. Tafuteni chumba chenye dari.

Mtajua kalenda imekaa siku ambayo hakuna anayeuliza kwenye grupu, "Kwani ni lini?"

## Hatua ya 2: Kikao cha makubaliano

Muda wa saa mbili, bila dadu. Mnakubaliana mambo matatu: hadithi ni ya aina gani (ya vitisho, ya ujanja wa kibiashara, ya vita), mhusika anaweza kufa au la, na mambo gani hayaingii mezani.

Hilo la tatu lisipitwe haraka. Wasimulizi wachanga hupenda kuanza na kijiji kilichochomwa moto, wakimbizi barabarani. Mkoa huu umepokea watu kutoka Burundi na Kongo kwa miongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Mtu mliyekaa naye anaweza kuwa na familia iliyovuka hilo ziwa usiku, na hatakwambia. Ujiji nayo ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa. Kuiweka misafara hiyo kwenye mchezo kama pambo ni kukosa adabu. Na yule bibi mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi, achana naye kabisa. Kanda hii vikongwe wameuawa kwa wazo hilohilo, ilhali macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Namna ya kuuliza: kila mtu anaandika kwenye kikaratasi, bila jina, jambo moja au mawili asiyoyataka. Msimulizi anakusanya, anasoma orodha kwa sauti mara moja, haulizwi mtu ni lipi lake. Halafu mnaweka ishara: anayegonga meza mara mbili, tukio linakatwa hapohapo na linahamishwa, bila maelezo.

## Hatua ya 3: Kadi tatu kwa kila mchezaji

Hapa ndipo kampeni inapopona au kufa, kwa hiyo tumia muda. Kila mchezaji anajaza kadi tatu:

1. Nadaiwa. Nani anamdai mhusika wangu, kitu gani, na anakitaka lini.
2. Nadai. Nani ana kitu changu ambacho hajanirudishia.
3. Mlango. Jioni ikifika, mhusika wangu anakula kwa nani.

Deni lisiwe la fedha tu. Neno alilotoa, siri aliyotunziwa, mahari iliyobaki nusu, kazi aliyoifanya ovyo. Yote ni madeni.

Sasa angalia tofauti. Hii ni kadi dhaifu, na ndiyo utakayoletewa na wachezaji watatu kati ya wanne:

> *Wazazi wangu waliuawa na majambazi. Natafuta kisasi.*

Inasikika nzito, ila haina pa kushika. Marehemu hawezi kubisha hodi. Majambazi hawana jina. Msimulizi akitaka kumgusa mchezaji huyu hana njia, isipokuwa kumletea jambazi kikao cha 15, na kufikia hapo mwenyewe keshasahau.

Hii ni kadi imara:

> *Nadaiwa karabai mbili na Bi Tausi wa Nyamlilo. Nilizikopa nikalala mtumbwini, zikazama. Nilimwambia ziliibiwa.*

Kuna jina, kuna kitu kinachohesabika, kuna uongo unaosubiri kufichuka, na mdai anaishi hatua hamsini kutoka sokoni. (Nyamlilo ni mji wa kubuni, bandari ya ziwa, tutautumia mpaka mwisho.)

Kabla ya kuikubali kadi, muulize mchezaji maswali matatu. Mtu huyu anaitwa nani? Anaweza kuja mlangoni kwako leo? Usipolipa, nani mwingine ataumia? Akikwama kwenye swali lolote, msaidie kuandika upya. Kadi ya kisasi hapo juu inaponywa hivi: "Nadaiwa na mdogo wangu. Nilimwahidi kumwambia nani aliyewaua wazazi. Ninamjua. Ni baba wa mchumba wake."

Onyo: usimwandikie. Ukimwandikia wewe, umerudi kulekule kwa kurasa kumi. Uliza mpaka ajibu, hata kama kikao kizima kinaishia hapo.

Utajua umefanikiwa ukiona wachezaji wanasomeana kadi na kuguna.

## Hatua ya 4: Zifunge kadi pamoja

Tandaza kadi zote 12 mezani, wachezaji wakiwepo. Tafuta mahali pa kumfanya mtu mmoja aonekane kwenye kadi mbili. Bi Tausi anayemdai huyu karabai, kwa nini asiwe ndiye "mlango" wa yule, mama anayempikia? Gwasa mfanyabiashara wa chumvi, anayemdai mchezaji wa tatu magunia sita, awe ndiye mwenye nyumba anayopanga wa nne.

Endelea hadi kila mhusika aungane na angalau wenzake wawili. Sababu yake ni hii: kundi lililokutana "kilabuni, mgeni akawapa kazi" halina kinacholizuia kutawanyika. Kundi ambalo mmoja akitoroka deni mwenzake anafukuzwa nyumba, hilo halitawanyiki.

Adui wako mkubwa naye aguse kadi mbili au zaidi. Asipogusa hata moja, mbadilishe, hata kama ulishamchora na mabawa. Wachezaji hawatahangaika na zimwi la mlima wa mbali, ila Gwasa akipandisha kodi, watakesha wakipanga njama.

## Hatua ya 5: Ngazi ya balaa

Badala ya kuandika hadithi, andika kile kitakachotokea *wachezaji wasipofanya kitu*. Vipandio sita vinatosha. Mfano wa Nyamlilo, ambako kuna kitu ziwani kinachokula mwanga wa taa:

1. Mtumbwi mmoja unarudi karabai zote zimezimika. Wavuvi wanasema ni upepo.
2. Fungu la dagaa sokoni linapungua, bei ni ileile.
3. Bi Tausi anafunga kibanda. Anaanza kukusanya madeni, hata ya zamani.
4. Watu wazima wanakataa kuvua usiku. Vijana wadogo wanapelekwa badala yao, na mmoja wao anatoka kwenye kadi ya "mlango".
5. Hakuna samaki wa kukausha, kwa hiyo hakuna anayenunua chumvi. Gwasa anadai kila mtu kwa siku moja.
6. Kinachokula taa kinafika ufukweni.

Ona jinsi kila kipandio kinavyopita kwenye tumbo au mfuko wa mtu anayejulikana. Zimwi lenyewe halijaonekana mpaka cha sita.

Mwendo wake: mwisho wa kila kikao rusha dadu ya ludo. Ikitoka 1 hadi 3, ngazi haisogei. 4 hadi 6, panda kipandio kimoja. Wachezaji wakiwa wameshughulikia jambo hilo moja kwa moja, usirushe. Kwa mwendo huo, wakilipuuza kabisa, vipandio sita huchukua vikao kama 12, yaani karibu nusu mwaka kwa kikao cha kila wiki mbili.

Kosa linalojirudia hapa ni msimulizi kuificha ngazi ili "awashtue". Kipandio kisichoonekana hakijatokea. Cha pili kikifika, mchezaji lazima aende sokoni apewe fungu dogo. Kosa la pili ni kuwa na ngazi tano kwa mpigo. Mbili zinatosha: moja ya mji mzima, moja ya deni la mchezaji mmoja, na hiyo ya pili ibadilike mhusika kila baada ya vikao vitatu.

## Hatua ya 6: Kikao chenyewe, dakika 180

Dakika 15 za kwanza ni kahawa, kashata na habari za mtaani. Kama kuna migebuka, iliwe sasa na mikono inawe. Karatasi ya mhusika ikishapata mawese, penseli haiandiki tena juu yake.

Dakika 10 za muhtasari. Asimulie *mchezaji*, tena kila kikao mwingine. Msimulizi akisimulia, wengine wanasubiri amalize. Mchezaji akisimulia, wenzake wanamkatiza, "Hapana, wewe ndiye uliyekimbia!" na kwa kubishana hivyo kumbukumbu yote inarudi bila jasho. Alichosahau kila mtu, kiandike pembeni: hakikuwashika, usikijenge tena.

Kisha dakika 65 za mchezo, 10 za kupumzika, 65 nyingine, na 15 za kufunga.

Fungua mchezo kwa kadi. Usiseme, "Mko Nyamlilo, asubuhi, mnafanya nini?" Mlete mtu mlangoni:

"Unafungua mlango. Bi Tausi amekaa kwenye kizingiti chako. Mkononi ana kioo cha karabai, kimepasuka."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulisema mwezi ukiisha. Umeisha mara mbili."

"Bibi, si nilikwambia waliziiba..."

"Kioo hiki kimenaswa na nyavu za mwanangu jana. Unakijua?"

Nyamaza hapo. Usijaze ukimya kwa maelezo ya hali ya hewa. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi ikibidi. Mchezaji anawaza, wenzake wamemkodolea macho, na mmoja wao anakumbuka kuwa huyo Bi Tausi ndiye anayempikia. Hakuna ramani iliyochorwa wala upanga uliochomolewa, na simu zote ziko kifudifudi.

Zamu ziangalie kwa alama. Juu ya ukurasa wa kaunta buku andika majina manne, kila unapompa mtu tukio lake weka mstari. Wakati wa mapumziko angalia: mwenye mstari mmoja au asiye nao ndiye unayeanza naye. Wachezaji wapole hawadai zamu. Wataendelea kuja kwa adabu mpaka siku wasipokuja.

Kuhusu dadu: irushwe pale tu ambapo kushindwa nako kunaleta jambo. Kwa vizibo 20, mhusika mwenye nyongeza ya 3 (inayojumlishwa kwenye namba ya kizibo) anayetakiwa kufikisha 15 anahitaji kuchomoa 12 au zaidi. Hivyo ni vizibo 9, chini ya nusu. Ukimrushisha ili aone mlango wa siri, zaidi ya nusu ya nafasi ni kwamba hauoni, na hadithi imesimama. Mwache auone. Rusha kujua kama anauona kabla walinzi hawajageuka.

Dakika 15 za mwisho zina swali moja la lazima: "Kikao kijacho mnakwenda wapi, kufanya nini?" Wajibu kabla hawajasimama. Hilo ndilo utakaloandaa, na hilo tu. Msimulizi anayeandaa bila kuuliza huandaa vitu vitatu, viwili vinatupwa, halafu anawakasirikia watu wasio na kosa.

## Hatua ya 7: Kila jambo muhimu liwe na njia tatu

Fupi hii. Wakitakiwa kujua kwamba taa zinazimwa na kitu kilicho chini ya maji, wala si upepo, weka dalili tatu kwa watu watatu: mvuvi aliyeona, karabai yenye mafuta tele na utambi mkavu, na mtoto anayeogopa kunawa ziwani. Dalili ya kwanza wataipita. Ya pili wataielewa vibaya. Ya tatu itawafanya warudi kwenye hizo mbili. Ukiwa na moja tu na wakaikosa, utalazimika kuwatafunia, na hapo wamerudi kuwa wageni.

## Hatua ya 8: Siku za katikati

Katikati ya wiki mbili hizo, tuma sauti *moja* kwenye grupu la WhatsApp, sekunde zisizozidi 60, kwa kinywa cha mtu wa hadithi. Gwasa anamwambia mpangaji wake: "Kijana, mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Na huyo rafiki yako mwenye magunia yangu, mwambie nimepita." Basi. Wakijibizana kwa sauti za wahusika wao, waache. Wasipojibu, usitume ya pili. Sauti tatu kwa wiki zinageuka kazi ya shule.

Usitume historia ya ufalme. Hakuna atakayeisoma.

## Hatua ya 9: Kinachozama kizame na grisi

Kampeni ndefu huacha mambo njiani. Mtu wa kikao cha tatu hatajwi tena, kisanduku hakikufunguliwa. Msimulizi mwoga huvilazimisha vyote viishe; mvivu huviacha vioze. Bandari ya Kigoma inafundisha njia ya tatu.

Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande kwa meli na kwa reli, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakiondoka waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mashine grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Bila ile grisi wangeibua chuma chakavu.

Grisi ya msimulizi ni mistari miwili. Jambo linapoachwa, chukua kadi ya manila uandike: *liko wapi sasa, na nani analitaka*. "Kisanduku cha nahodha: kimefukiwa chini ya mti wa mkungu nyuma ya nyumba ya Bi Tausi. Gwasa anakitafuta, hajui kiko kwa jirani yake." Weka tarehe ya kikao. Kila baada ya vikao sita, pitia kadi zilizozama, ibua moja, na uibue ikiwa na jina jipya: kisanduku kinarudi kikiwa mtaji wa mtu, mlinzi waliyemsamehe anarudi akiwa mkuu wa bandari. Wachezaji wakisema "Aaa! Kumbe ni yule!" umefika. Usizidishe moja kwa mara. Zikiibuka tatu pamoja zinafanana na tamthilia ya mchana.

## Yanapoharibika

Mchezaji hakuja. Mhusika wake ameitwa na mtu wa kadi yake. Akirudi, anarudi na habari moja aliyoipata huko, nawe umpe hiyo habari faragha kabla ya kikao. Usimfanye mwenzake amwendeshee mhusika. Atamuua au atamfanya mjinga.

Wanasema "twende tu". Kadi zimekauka. Simamisha mchezo dakika kumi, kila mtu asome kadi zake, afute kilicholipwa, aandike deni jipya lililotokana na yaliyotokea. Fanya hivi hata mambo yakiwa mazuri, kila kikao cha tano.

Mmoja anatawala meza. Usimkaripie mbele ya watu. Hamishia balaa kwenye kadi za wengine kwa vikao viwili. Mtu akibishiwa hodi yeye, msemaji mkubwa hana budi kumpisha. Ikishindikana, zungumza naye pembeni, kwa jina lake halisi, si la mhusika.

Wamekwenda kusikoandaliwa. Wameacha ziwa, wamepanda na msafara wa chumvi kuelekea Uvinza. Vizuri. Umbali haufuti deni: atakayewapokea huko awe ndugu wa mtu aliye kwenye kadi. Ngazi ya balaa iendelee kupanda nyuma yao, warudi waikute tofauti.

Msimulizi amechoka. Sema wazi, na tangaza vikao vitatu vya mwisho. Cha kwanza, wachezaji wachague deni lipi watalipa na lipi watalikimbia. Cha pili, ngazi ifike kipandio cha sita hata dadu isiporuhusu. Cha tatu, kila mtu apewe tukio moja mlangoni kwa yule anayekula kwake jioni, bila dadu. Deni lililolipwa, mwenyewe aichane kadi yake mezani. Lililobaki, aondoke nalo mfukoni. Msimu wa pili mkianza, muulize kwanza kama bado analo.